Nataka kuvuta laini ya volti 240 peke yake kwa ajili ya taa za kukuzia mboga besimenti, mafundi umeme nisaidieni

#1 Mchicha wa Theluji
Wakuu habari za majukumu. Niko Minnesota huku Marekani, mwaka wa sita sasa. Kila baridi ikiingia mimi na mama watoto tunalima mboga besimenti, mchicha, mnavu na matembele, halafu kuanzia mwezi wa tatu tunaotesha miche ya sukuma na ngogwe kwa ajili ya wabongo wenzetu wenye vibustani nyuma ya nyumba, maana hapa ukipanda nje kabla ya katikati ya mwezi wa tano baridi ya usiku inakuulia kila kitu.

Mwaka jana nilikuwa na taa moja ya LED ikaenda vizuri. Mwaka huu nimeongeza mbili, jumla tatu, kila moja wati 480, zote nimezichomeka kwenye ekstensheni moja kwenye soketi moja. Nikiwasha saa kumi na mbili asubuhi zinapiga kazi safi, ikifika kama saa mbili breka inajikata. Ni breka ya amp 15. Naipandisha, inakaa lisaa, inajikata tena. Juzi nikagusa plagi ya ekstensheni nikaitoa mkono haraka, ya moto kama sufuria, kuichomoa nakuta soketi upande mmoja imekuwa kahawia na harufu ya plastiki iliyoungua. Mama watoto kazima kila kitu na kasema hakuna kuwasha mpaka apate maelezo. Miche iko gizani siku ya pili, imeanza kurefuka shingo na kulala.

Jamaa mmoja kazini kaniambia dawa ni kuvuta laini ya 240 peke yake kutoka kwenye paneli, lile boksi la breka. Fundi mwenye leseni kaniambia dola 900. Sasa naomba kujua, je hiyo 240 kweli itatibu hili tatizo, naweza kuifanya mwenyewe, na je itanipunguzia bili? Nyumba ni yangu, imejengwa 1968. Natanguliza shukrani.

#2 Kijana wa Tandika
Nakaa hapa kusubiri wajuzi. Ila mkuu wati 1440 kwa mchicha? Ni mchicha tu kweli au kuna jani lingine?

#3 Kapera Dom
Mkuu fanya 240 haraka. Volti zikipanda amp zinashuka nusu, amp zikishuka nusu na bili inashuka nusu. Ndio maana viwandani wanatumia umeme mkubwa.

#4 Fundi Kitonga
Mimi fundi umeme Iringa mwaka wa 14, kwa kweli sioni ugumu uko wapi. Hiyo 240 mnayoiogopa ndio umeme wetu wa kila siku, pasi ya bibi yangu inatumia hiyohiyo. Chukua waya wenye unene wa milimita 2.5 za mraba, mita zako zinazotosha, breka ya amp 20, nyekundu au kahawia ni laivu wenye moto, nyeusi au bluu ni nyutro wa kurudisha, kijani ni ethi wa ardhini, funga soketi yako maisha yaendelee. Kazi ya asubuhi moja, hiyo dola 900 ni wizi.

#5 Mzee wa Paneli
Kitonga ndugu yangu nakuheshimu ila futa hilo bandiko lako kabla halijamuua mtu. Mimi nilianzia ufundi Temeke, sasa nina leseni hapa Ohio mwaka wa tisa, na hilo la rangi ndilo lililonipiga shoti wiki ya kwanza kazini. Marekani waya MWEUSI ndio laivu. Mweupe ndio nyutro. Sisi tulikua na mfumo wa zamani wa Kiingereza ambao mweusi ni nyutro, nikaushika mweusi kwa uhakika kabisa nikajikuta nimekaa chini sakafuni na bisibisi iko mita tatu.

Pili, 240 ya huku sio 240 ya kwetu. Kwetu una laivu moja na nyutro, kati yao 230 au 240 basi. Huku transfoma inaleta nyaya tatu ndani ya nyumba, laivu mbili na nyutro inayotoka katikati ya koili. Ukipima laivu moja na nyutro unapata 120. Ukipima laivu kwa laivu unapata 240. Kwa hiyo kwenye soketi ya 240 waya zote mbili ni za moto, hakuna nyutro. Ukitumia ile kebo ya kawaida yenye mweusi na mweupe, ule mweupe nao unakuwa laivu na lazima uuzungushie tepu nyekundu au nyeusi pande zote mbili, ili fundi atakayekuja baada yako asidhani ni nyutro. Na breka lazima iwe ya dabo poli, inayokata zote mbili kwa mpigo. Ukiweka breka mbili za kawaida zisizofungwa pamoja, moja ikijikata taa zinazima ukadhani umeme hamna, kumbe waya wa pili unakusubiri.

Mleta uzi nakuja kwenye maswali yako nikitoka saiti.

#6 Stima Halisi
@Kapera Dom hapana bana. Mita haihesabu amp, inahesabu wati mara saa. Taa ya wati 480 ni 480 ukiipa 120 au 240. Kwa 120 inavuta amp 4, kwa 240 inavuta 2, lakini ukizidisha ni kitu kilekile. Viwandani wanatumia fezi tatu kwa sababu ya mota na kupunguza unene wa waya, stima haishuki bei.

Hapa kwetu Naivasha niliwahi kufanya mashamba ya maua, kuna maua yanawashiwa taa katikati ya usiku ili yasitoe ua mapema, bulbu mia kadhaa kwenye grinihausi moja. Shida yetu kubwa haikuwa volti. Ilikuwa joint, pale waya unapoungana na waya mwingine au kifaa. Ukikosea kukaza skrubu moja kwenye taa inayowaka masaa mengi, hiyo joint itakuja kukutafuta.

#7 Kapera Dom
Sawa mkuu wa #6 lakini hasara ya waya je? Waya ukipita amp nyingi unapata joto, hilo joto unalilipia. Kwa hiyo kupungua kupo.

#8 Stima Halisi
Kupo ndiyo, lakini si nusu ya bili.

#9 Lengalenga
Salamu ndugu zangu, mi niko Kentucky natoka Bukavu. Hiyo mchicha siye tunaita lengalenga, mke wangu hawezi kukaa wiki bila hiyo. Mimi sikuvuta laini yoyote. Nilinunua waya wa kugawa unachomeka kwenye soketi ya mashine ya kukaushia nguo, ile kubwa ya 240, na taa zangu mbili zinawaka hapo mwaka wa pili hakuna shida. Nguo tunakausha usiku taa zikizima.

#10 Kijana wa Tandika
Huyu kamaliza mchezo. Dola 900 zimeokoka.

#11 Mama Miche
Hamjambo. Mimi sio fundi, nafanya kazi maabara ya kuzalisha miche ya migomba kwenye chupa, Arusha. Rafu zetu taa zinawaka masaa 16 kila siku mwaka mzima kwa hiyo naijua hii habari ya taa za muda mrefu. Mleta uzi nina swali kabla hujatoboa ukuta, hizo wati 1440 zinamulika eneo la ukubwa gani? Mboga za majani hazihitaji mwanga mkali kama nyanya au pilipili. Taa za wati 480 mara nyingi zina kitasa cha kupunguza mwanga. Ukizishusha mpaka asilimia 60 mchicha wako hautajua tofauti kubwa, na utashuka kwenye wati 860 hivi, hapo hata hiyo soketi moja ingekuwa na nafuu.

Ila usipunguze masaa. Mchicha ukiupa mchana mfupi unakimbilia kutoa maua majani yakiwa madogo. Mpe masaa 14 na kuendelea.

#12 Mchicha wa Theluji
Asanteni sana wote. @Kijana wa Tandika ni mchicha, mnavu, matembele na miche. Jimbo letu bangi watu wanaruhusiwa kuotesha michache nyumbani tangu 2023, ningekuwa nayo ningesema, sina. Ila ni kweli video zote za haya mambo ya 240 nimezikuta kwa watu wa bangi.

@Mama Miche eneo ni kama meza tatu za futi nne kwa nne. Kitasa kipo, nilikuwa nawasha asilimia 100 kwa kuamini zaidi ndio bora. Nakuuliza pia, ile miche iliyolala itasimama?

@Lengalenga hiyo soketi ya mashine iko mita sita tu kutoka kwenye meza zangu, nimeitamani sana.

Nimesahau kusema, kwenye hiyo laini ya breka ya 15 kuna friza pia.

#13 Fundi Kitonga
Mzee wa Paneli nimekusoma na nimeelewa, nakubali kosa la rangi, sikuwa na habari. Huku pia rangi zimebadilika, nyumba za zamani nyekundu na nyeusi, mpya kahawia na bluu, na nimeshakuta nyumba moja ina zote mbili zimeunganishwa darini. Ila kwenye unene wa waya nasimama palepale, 2.5 kwa amp 20 inatosha.

Na hilo la friza ndilo jibu. Friza ikianza kuzunguka mota inavuta mara kadhaa ya amp zake. Breka iko ukingoni, friza ikishtuka, tap.

#14 Bwana Sumaku
Si friza. Ni breka imechoka. Nyumba ya 1968, breka inaweza kuwa ya mwaka huohuo. Ndani ya breka kuna kibamba cha metali mbili zilizogandishwa pamoja, kikipata joto kinapinda na kuachia. Imeshajikata mara nyingi, kibamba kimelegea, sasa inajikata chini ya amp zake. Badilisha breka, dola chache tu, tatizo limeisha.

#15 Stima Halisi
@Bwana Sumaku breka iliyochoka haiwezi kuunguza soketi upande wa pili wa nyumba. Soketi imeungua, hiyo ni joint.

#16 Bwana Sumaku
Mambo mawili yanaweza kutokea nyumba moja. Mimi nazungumzia kujikata, wewe unazungumzia kuungua.

#17 Mzee wa Paneli
Nimerudi. Naandika kirefu kidogo mnisamehe.

Hesabu kwanza. Amp 15 kwa volti 120 ni wati 1800. Lakini kanuni za huku zinasema mzigo unaowaka masaa matatu mfululizo au zaidi unahesabiwa kama mzigo wa kudumu, na breka usiipe zaidi ya asilimia 80. Asilimia 80 ya 1800 ni 1440. Taa zako tatu ni 1440 kamili. Yaani ulijaza ndoo mpaka ukingoni halafu ukaongeza friza. Hiyo sheria haikutungwa kukusumbua, imetungwa kwa sababu waya, skrubu na soketi ambayo inavumilia amp 12 kwa dakika kumi za birika la chai haivumilii amp hizohizo kwa masaa 14. Joto linapanda taratibu, linakosa pa kwenda kwa sababu liko ndani ya ukuta, ndio maana kwako inachukua masaa mawili.

Ukivuta laini ya 240 ya amp 20, asilimia 80 yake ni wati 3840. Taa zako tatu zitavuta amp 6 tu. Hapo una nafasi ya kupumua na hata ukiongeza mbili nyingine hujafika.

Kitonga, unene. Huku hawapimi kwa milimita, wanapima kwa geji, na namba ikiwa kubwa waya ni mwembamba. Namba 14 ni kama milimita 2.1 za mraba, hiyo ni ya amp 15. Namba 12 ni kama 3.3, hiyo ndiyo ya amp 20. Namba 10 ni 5.3, ya amp 30. Inspekta akikuta 2.5 yako kwenye breka ya 20 atakuambia ng'oa.

Soketi itakuwa ile inaitwa NEMA 6-20, matundu yake yamelala tofauti ili mtu asije akachomeka kitu cha 120 kwa bahati mbaya. Na kwa kuwa ni besimenti, kanuni za miaka ya karibuni zinataka GFCI hata kwenye soketi ya 240. GFCI ni kifaa kinachokata umeme haraka ukianza kuvuja, mfano kupitia mwili wa mtu, ni kama RCD ya kwetu ila kali zaidi, RCD ya kawaida inakata kwenye miliamp 30, hii ni kama 5.

Kabla ya yote soma kibandiko cha draiva ya taa, kile kiboksi kinachoipa taa umeme. Kikiandikwa 100-277V uko sawa, inajirekebisha yenyewe, utabadilisha waya wa taa tu uwe na plagi ya 240. Kikiandikwa 120 peke yake, ukiipa 240 utasikia mlio mmoja tu. Na taima yako angalia pia, hizi za dukani nyingi ni za 120.

Kufanya mwenyewe, kwa jimbo lako mwenye nyumba anayeishi humo anaruhusiwa, lakini unachukua kibali na inspekta anakuja kabla hujaziba ukuta. Usisahau, ukishusha meni swichi ya paneli, zile nyaya mbili nene zinazoingia kutoka mtaani BADO ZINA UMEME. Hazizimwi na chochote kilichomo ndani ya nyumba yako. Kama hujawahi kufungua paneli, vuta kebo mwenyewe, funga maboksi mwenyewe, halafu mwite mtu wa leseni aje kuunganisha ndani ya paneli tu. Mimi nimefanyia wateja hivyo, bei inashuka sana.

@Lengalenga ndugu yangu naomba usikasirike. Soketi ile breka yake ni amp 30. Waya wa taa yako ni mwembamba, labda namba 18. Ikitokea hitilafu inayovuta amp 20 ndani ya waya wa taa, breka ya 30 itakuwa inatazama tu. Na kama soketi yenyewe ni ya zamani ya matundu matatu, zile za kabla ya 1996, haina ethi ya peke yake.

#18 Lengalenga
Sikasiriki kaka. Lakini waya wa taa ya mezani nao ni mwembamba na uko kwenye breka ya 15 au 20 kila nyumba, hakuna anayelalamika. Na ule mgawanyo wangu una breka ndogo zake ndani, amp 20 kila mdomo. Yangu ni matundu manne.

#19 Mzee wa Paneli
Kama una breka ndani yake na matundu manne basi uko pazuri kuliko nilivyofikiri. Bado mimi nisingefanya.

#20 Fundi Kitonga
Mimi ningefanya. Breka iko, ethi iko, mnataka nini tena?

#21 Binti Makunduchi
Assalaam alaykum. Mie niko Maskati, huku tunalima kotimiri ndani miezi ya joto kwa sababu nje inaungua, na umeme wetu ni 240 wa laivu na nyutro kama Unguja. Jambo moja hamjaligusa. Wati zote hizo zinaishia kuwa joto ndani ya chumba. Kwangu ni balaa maana kiyoyozi kinapigana nalo. Kwako ndugu wa thelujini ni neema, linapasha besimenti, hita yako itawaka kidogo. Ukipiga bili ya taa, toa na hiyo. Ila unyevu wa mimea pamoja na joto unaleta kutu kwenye soketi na ukungu ukutani, weka feni na soketi usiziweke chini ya unapomwagilia.

#22 Kijana wa Tandika
Naomba kujua bili ni shilingi ngapi kwa siku.

#23 Mchicha wa Theluji
Wati 1440 kwa masaa 14 ni uniti 20 na kidogo kwa siku. Kwangu uniti ni kama senti 15, kwa hiyo dola 3 kwa siku, kama 90 kwa mwezi. Nilikuwa sijawahi kupiga hii hesabu mpaka leo.

#24 Kijana wa Tandika
Uniti 20 kwa siku!! Mimi hizo ni LUKU ya wiki mbili na tivii haizimwi. Kwa siku nne umemaliza uniti 75 za mwezi mzima, kikomo cha bei nafuu huku Bongo, hiyo bei ungeisikia redioni tu.

#25 Mama Miche
Ndio maana nikasema shusha kitasa.

Miche iliyolala, ile yenye shingo ndefu hamishia kwenye kikopo kirefu, fukia shina karibu mpaka kwenye majani ya kwanza. Ngogwe inavumilia hilo. Sukuma nayo inakubali ukifanya taratibu. Mchicha usihangaike nao, sia upya, siku nne tano umeshaota. Ukirudisha mwanga anza na taa ikiwa juu, imezoea giza itaungua.

#26 Stima Halisi
Kwetu mnavu ni managu. Mleta uzi mbegu ya managu unatoa wapi huko?

#27 Mchicha wa Theluji
@Stima Halisi tunazikausha wenyewe kutoka msimu uliopita.

Wakuu naleta mrejesho. Nimeshusha breka, nikapima kwa mita kuhakikisha hakuna umeme, nimefungua ile soketi iliyoungua. Nyaya hazikufungwa kwenye skrubu. Zimechomekwa tu kwenye vitundu vya nyuma, vya kubana kwa springi. Mmoja nilipouvuta kidogo ukatoka wenyewe bila nguvu, na ncha yake ni nyeusi, plastiki ya waya imekauka inakatika kama ganda la karanga. Waya ni shaba, nilikagua kwa sababu nimesoma nyumba za miaka hiyo nyingine zina alumini. Nimekata ile sehemu mbovu, nimenunua soketi mpya nzito, nimefunga kwenye skrubu nikakaza. Mama watoto alikuwa kanishikia tochi na akaona mwenyewe.

Sasa hivi nimewasha taa moja hapo kwa asilimia 60 na moja nyingine kwenye laini ya chumba cha juu. Ya tatu imezimwa.

#28 Stima Halisi
Joint. Nilisema #6. Hiyo springi imelegea, mgusano ukawa mdogo, joto, springi ikalegea zaidi, joto zaidi. Tatizo lilikuwa hapo na umeshalitoa, 240 huihitaji tena.

#29 Bwana Sumaku
Joint ilikuwa mbovu, sawa. Lakini joint mbovu haimfanyi breka ajikate. Joint mbovu ina upinzani, upinzani unapunguza amp. Breka ilijikata kwa sababu yake mwenyewe.

#30 Mzee wa Paneli
Sumaku, hilo ni kweli kwa hita au pasi. Kwa taa za LED ni kinyume. Draiva inataka wati zake 480 vyovyote iwavyo, volti zikishuka inavuta amp zaidi kufidia. Kwa hiyo joint mbovu kwa taa hizi inaongeza amp kwenye breka, ingawa kidogo. Ndio maana sikubaliani na Stima pia, mzigo ulikuwa mkubwa na joint ilikuwa mbovu na friza ilikuwepo, ukiondoa kimoja viwili vinabaki.

Mleta uzi una mita. Naomba kipimo kimoja. Pima volti kwenye hiyo soketi mpya taa zote zikiwa zimezimwa, halafu washa zote tatu kwa asilimia 100 dakika tano tu ukiwa umesimama hapohapo, pima tena. Na pima soketi nyingine isiyo ya laini hiyo kwa wakati huohuo.

#31 Mchicha wa Theluji
Nimepima. Zikiwa zimezimwa 121. Zote tatu zikiwaka 113. Soketi ya jikoni wakati huo 120. Nimezizima tena. Soketi mpya haikupata joto lolote.

#32 Fundi Kitonga
Volti 8 zimeenda wapi?

#33 Mzee wa Paneli
Ndio swali. Tuchukulie kutoka kwenye paneli mpaka hapo ni mita 15. Waya namba 14, kwenda na kurudi mita 30, upinzani wake ni kama robo ya om. Kwa amp 12 na ushee unapoteza volti 3. Moja imeshukia huko nje kwenye transfoma. Zinabaki 4 ambazo waya peke yake hauzielezi. Volti 4 kwa amp 12 ni karibu wati 50. Kuna sehemu ndani ya ukuta wako ilikuwa inawaka kama balbu ya zamani kila siku masaa 14, na sio hiyo soketi uliyobadilisha.

#34 Kapera Dom
Samahani jamani, volti 8 mara amp 12 na ushee ni wati 100. Masaa 14 ni uniti moja na nusu karibu kila siku inapotea. Si nilisema #7 kupungua kupo?

#35 Stima Halisi
@Kapera Dom hapo umepata haki yako kiasi. Lakini hiyo hasara nyingi ni ya joint si ya 120. Akikaza joint anaiokoa bila kuvuta 240.

#36 Mzee wa Paneli
Na akivuta laini mpya anaiokoa pia kwa sababu hapiti kwenye hizo joint za 1968 kabisa. Ila friza itabaki inapita humo, kwa hiyo joint lazima itafutwe vyovyote.

#37 Bwana Sumaku
Mmesahau kwamba jikoni inaweza kuwa kwenye laivu nyingine. Nyumba za huko si mmesema zina laivu mbili? Kama jikoni ni laivu ya pili basi 120 yake haituambii chochote, na zile volti 4 zinaweza kuwa zinapotelea kwenye breka yenyewe au kwenye paneli pale inapokaa breka. Breka iliyochoka inapata joto. Pima kwenye skrubu ya breka.

#38 Mzee wa Paneli
Hoja nzuri, nimeikosa. Lakini hiyo ya kupima ndani ya paneli ikiwa wazi asifanye yeye. Atafute kwanza soketi nyingine ya besimenti iliyo kwenye breka ya upande uleule, breka zinapishana, moja laivu hii inayofuata ile, kwa hiyo aruke moja.

#39 Lengalenga
Kaka na boksi zingine za laini hiyo? Mi kwangu kulikuwa na boksi limefichwa nyuma ya kabati.

#40 Mchicha wa Theluji
Jikoni breka yake iko moja kwa moja chini ya hii ya besimenti, kwa hiyo kwa maelezo ya #38 ni laivu nyingine. Sumaku uko sahihi hapo.

Na Lengalenga, ahsante, nimezunguka na tochi. Kuna boksi moja nyuma ya friza, limefunikwa kifuniko cha bati kisicho na soketi, rangi ya ukuta imepakwa juu yake. Friza imechomekwa pembeni yake. Nimeweka kiganja juu ya bati, ni la baridi, lakini taa mbili zilikuwa zimezimwa muda huo.

Kibali nimeshajaza mtandaoni, nimeandika laini moja ya amp 20 volti 240. Mama watoto kakubali kwa sharti kwamba paneli haifunguliwi na mimi. Jumamosi tunahamisha nyama kwenda kwa jirani, naisogeza friza nafungua hilo boksi. Nitapiga picha kabla sijagusa waya wowote.

#41 Mama Miche
Piga na picha ya ngogwe.